Risasi

Nilimkuta asubuhi ya tatu tangu barafu ifike,
amekaa chini thelujini kama kuku aliyenyeshewa,
yeye, furukombe wa Bahari ya Okhotsk,
ambaye mbawa zake zikikunjuliwa
hazienei mlango wa ghala langu.
Mabega meupe. Mdomo wa manjano, mzito kama shoka.
Nilimkaribia. Hakuruka.
Nikavua koti, nikamfunika kichwa. Hakuruka.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Sisi wa Rausu tunajua: ndege huyu haokotwi.
Hushuka na barafu kutoka kaskazini,
akatua juu ya kipande kimoja kana kwamba amekilipia,
na kutoka hapo huwatazama watalii ndani ya boti ya Sugawara
jinsi afisa wa forodha anavyotazama masanduku.
Mimi nilimbeba kifuani kama mtoto mwenye homa.
Saa tatu za barabara hadi Kushiro
nilizima kipasha joto garini, asije akahema.
Meno yangu yaligongana njia nzima.
Jicho lake moja limefumba.
La pili lilinitazama.

Daktari Minagawa si mwanamke wa maneno mengi.
Alimtoa damu, akampiga picha ya ndani.
Kwenye kioo niliona mbavu, nikaona firigisi,
na katika firigisi vipande vitatu vyeupe,
vidogo, kama chenga za mchele.
"Hakupigwa risasi," akasema. "Amekula risasi."
Kulungu kaangushwa mlimani, nyama nzuri imebebwa,
matumbo yameachwa juu ya theluji, yanatoa mvuke;
na huyu, aliyezoea chewa,
aliona karamu, akadhani amealikwa.
"Sheria ilishazikataza. Kuna mtu bado anazo."
Akaniangalia, si kwa kunishuku;
ni kwamba chumbani hatukuwa na mwingine.
"Unamjua?"
Nikasema, "Hapana."

Kisanduku cha marehemu baba kiko ghalani,
nyuma ya nyavu zilizooza, kando ya buti zake.
Baba alikuwa hatupi kitu, hata msumari uliopinda.
Zilikuwamo ishirini. Mwezi wa kwanza nilitoa mbili,
kwa sababu zangu mpya, za shaba, zilikuwa zimeisha,
na duka liko mbali, na kulungu alikuwa karibu.
Ya kwanza ilikosa.
Ya pili ilimpata begani, ikapasukia humo.
Usiku ule nilizihesabu zilizobaki.
Nikazihesabu tena, kana kwamba zingeongezeka.

Alipona. Nani angeamini?
Wiki tisa za sindano na samaki wa kukatiwa.
Aprili simu ikalia: wewe ndiwe uliyemwokoa,
njoo umfungulie.
Watoto wa darasa la kwanza waliletwa,
kofia zao za manjano zimejipanga kando ya uzio.
Nikavuta komeo.
Alitoka kwa miguu, hatua tatu za kizee,
akakung'uta mbawa kama anayekung'uta shuka,
kisha uzito wote ule ukaacha kuwa uzito.
Hakugeuka nyuma.
Angegeuka, ningemwambia nini?

Watoto wakapiga makofi. Gazeti likaandika:
Mwindaji Mwenye Huruma.
Picha imebandikwa kwenye mkahawa wa tambi bandarini,
juu kidogo ya droo ya pesa.
Mwenye mkahawa hunipunguzia bei, siku zote,
nami siku zote napokea chenji, nainamia bakuli.
Ukipita, itazame vizuri.
Mkono wangu wa kulia umeshika komeo.
Wa kushoto uko mfukoni.
Mwaka wa pili huu, na hakuna aliyeniuliza
huo nao umeshika nini.